Tajiri wa Dallas aliyetaka kuiongoza Marekani: somo la Ross Perot kwa familia zetu

Ukikaa hapa Richardson, Plano au mji wowote wa kaskazini mwa Dallas, jina la Perot utakutana nalo kabla hujatimiza mwaka. Watoto watapelekwa na shule Perot Museum, jumba la makumbusho ya sayansi lililoko katikati ya Dallas, nao watarudi wakikusimulia habari za mifupa ya dinosaria. Ukimuuliza mgeni mwenzako kutoka Afrika Mashariki huyu Perot alikuwa nani, mara nyingi jibu ni moja: "Si yule mwenye makumbusho?"

Makumbusho yale yalifunguliwa Desemba 2012, na yanaitwa hivyo kwa sababu watoto watano wa Perot walitoa dola milioni 50 kwa heshima ya wazazi wao. Lakini mzee mwenyewe aliacha alama kubwa kuliko jengo. Alianza kama muuzaji wa kompyuta, akawa bilionea, kisha mwaka 1992 akagombea urais bila chama. Kwa wiki kadhaa kura za maoni zilimweka mbele ya rais aliyekuwa madarakani na mbele ya mgombea wa upinzani.

Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu ya ubishi uliozuka ndani ya familia yetu. Kwenye kundi la WhatsApp la watu wa wilaya yetu tulioko nje, uliletwa ujumbe kwamba mfanyabiashara mmoja wa kwetu, mwenye malori na vituo vya mafuta, ameamua kuingia kwenye siasa. Kila aliyeko ughaibuni aliombwa achangie dola 200. Mdogo wangu, anayesoma UT Dallas hapa hapa Richardson, alitaka kutoa dola 500 kutoka kwenye fedha ya ada, na sehemu ya ada hiyo naitafuta mimi kwa zamu za usiku.

"Dada," aliniambia, "huyu ameshashiba, hana haja ya kuiba. Aliyeweza kuendesha kampuni atashindwaje kuendesha wilaya?"

Hoja hiyo si yake peke yake. Utaisikia kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye foleni ya nyama choma siku ya pikiniki ya jumuiya. Mimi ni muuguzi. Nilisoma diploma nyumbani Tanzania, nikafanya kazi wodini, kisha nikaja kusomea shahada huku. Kazi hii imenizoesha jambo moja: kabla sijamgusa mgonjwa, nasoma faili lake. Basi nikamwambia mdogo wangu tusibishane kwa hisia. Tuna mfano mkubwa jirani yetu kabisa, tulisome faili la Perot.

Dola 1,000 na milima ya karatasi

Henry Ross Perot alizaliwa tarehe 27 Juni 1930 huko Texarkana, mji ulio mpakani mwa Texas na Arkansas. Baba yake alikuwa dalali wa pamba. Utotoni aligawa magazeti ili apate senti zake. Mwaka 1949 aliingia chuo cha maofisa wa jeshi la majini kule Annapolis, akahitimu 1953, na alipomaliza utumishi wake mwaka 1957 akaja Dallas kuuza kompyuta za IBM.

Aliuza sana. Inasimuliwa kwamba mwaka 1962 alitimiza kiwango cha mauzo cha mwaka mzima kabla Januari haijaisha. Akaona kitu ambacho wakubwa zake hawakukipa uzito: wateja walikuwa wananunua mashine za bei kubwa bila kuwa na watu wa kuziendesha. Mwaka huo huo, siku alipotimiza miaka 32, alianzisha kampuni yake, Electronic Data Systems, maarufu kama EDS. Mtaji ulikuwa dola 1,000 kutoka kwenye akiba ya mke wake Margot, aliyekuwa mwalimu. Wake wenzangu mnaotunza akiba za nyumba, hilo mlishike.

Utajiri hasa ulikuja kupitia njia ambayo sisi wa kada ya afya tunaifahamu. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson, naye mtu wa Texas, alitia saini sheria iliyoanzisha Medicare, bima ya serikali kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, pamoja na Medicaid, msaada wa matibabu kwa wenye kipato kidogo. Ghafla zikaja mamilioni ya madai ya malipo. Kila sindano, kila siku ya kitanda, kila kipimo kilihitaji karatasi, na karatasi zile zilihitaji mtu wa kuzipanga, kuzihakiki na kuzilipa. EDS ikapata kandarasi za kufanya kazi hiyo kwa kompyuta. Mwaka 1968 hisa zake zikaanza kuuzwa kwa umma, na Perot akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi akiwa na miaka 38.

Hapo nikamsimamisha mdogo wangu. Mtu huyu baadaye alisimama akaikemea serikali kwa matumizi mabaya, lakini sehemu kubwa ya mali yake ilitokana na kazi ya serikali. Wapinzani wake walimsema sana kwa hilo. Sisemi aliiba. Aliifanya kazi na akalipwa. Ila ule msemo wa "huyu ameshajitajirisha mwenyewe, hana deni na serikali" unahitaji kupimwa. Malori ya yule ndugu yetu yanabeba mzigo wa nani? Mafuta yake yananunuliwa na nani? Zabuni zake anazipata wapi?

Jambo la pili kwenye faili ni kwamba mali ilipanda na kushuka. Siku moja ya Aprili 1970 thamani ya hisa zake ilianguka kwa takriban dola milioni 450. Hakulia hadharani, aliendelea na kazi. Mwaka 1979 aliandaa kikosi cha kwenda kuwatoa wafanyakazi wake wawili waliokuwa wamefungwa Iran, nao walirudi salama. Ken Follett aliandika kitabu kuhusu tukio hilo, On Wings of Eagles. Huo ulikuwa upande wa Perot uliopendwa: bosi asiyemwacha mtu wake.

Jambo la tatu halisimuliwi mara nyingi. Mwaka 1984 General Motors waliinunua EDS kwa dola bilioni 2.5, na Perot akaingia kwenye bodi yao. Ndani ya kampuni ile kubwa, yenye kamati juu ya kamati, alikuwa akiwakosoa wakubwa waziwazi. Hakudumu. Mwaka 1986 walimlipa takriban dola milioni 700 ili aondoke. Kwenye kampuni yake mwenyewe neno lake lilikuwa amri. Alipokutana na taasisi ambayo watu wengine nao wana sauti, ilimshinda. Lishike hilo, tutalirudia.

Sheria iliyoingia hadi nyumbani kwangu

Wazazi wenzangu wa Texas, mnajua barua inayokuja wakati wa ripoti za shule: mtoto akipata chini ya alama 70 kwenye somo, hachezi mechi, haimbi kwenye mashindano, hapigi ngoma kwenye bendi. Mwanangu wa darasa la saba anaijua kwa uchungu, maana hesabu zilimweka benchi wiki tatu katikati ya msimu wa mpira.

Sheria hiyo ina mkono wa Perot. Mwaka 1983 Gavana Mark White alimteua aongoze kamati ya kuchunguza elimu ya Texas. Perot alizunguka jimbo, akasikiliza walimu na wazazi, na alitumia pia fedha zake kuwalipa wataalamu. Alikuta shule ambako michezo ilipewa uzito kuliko kusoma. Kwa mtu wa Texas kugusa mpira wa Ijumaa usiku ni sawa na kwetu kwenda kuwaambia watu waache Simba na Yanga. Makocha walikasirika, wazazi walikasirika. Hata hivyo mwaka 1984 bunge la jimbo lilipitisha sheria iitwayo House Bill 72. Mishahara ya walimu ilipanda, madarasa ya watoto wadogo yakawekewa ukomo wa wanafunzi 22, na ikaja kanuni ya anayefeli hachezi. Mwanzoni adhabu ilikuwa wiki sita, na mwaka 1995 ikapunguzwa kuwa tatu.

Hapa mdogo wangu alipata pointi, nami nikampa. Mfanyabiashara anaweza kuleta kitu ambacho mwanasiasa wa kawaida anakiogopa, kwa sababu haogopi kupoteza kiti. Lakini tazama namna kilivyopatikana. Hakuamuru. Alisikiliza kwanza, akaleta hesabu, akawashawishi wabunge, na gavana aliyechaguliwa ndiye aliyetia saini. Ujuzi wa mfanyabiashara ulipita kwenye mlango wa serikali, haukuvunja ukuta.

Mgombea binafsi wa mwaka 1992

Tarehe 20 Februari 1992, kwenye kipindi cha televisheni cha Larry King, Perot alisema atagombea urais iwapo wananchi wa kawaida watakusanya saini za kuliweka jina lake kwenye karatasi ya kura katika majimbo yote 50. Wakajitokeza watu wa kujitolea kila pembe ya nchi. Kufikia Juni, kura ya maoni ya Gallup ilimpa asilimia 39, Rais George H. W. Bush asilimia 31 na Bill Clinton asilimia 25.

Kwa sisi Watanzania hapo pana jambo la kutafakari. Kwetu mgombea lazima apitie chama. Mchungaji Christopher Mtikila alipambana mahakamani miaka mingi kuhusu mgombea binafsi, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikampa ushindi Juni 2013, lakini mlango haukufunguliwa. Perot alikuwa na mlango huo. Nchi ikasubiri kuona atafanya nini.

Ujumbe wake ulikuwa wa duka: nchi inatumia kuliko inavyoingiza, na deni limefika dola trilioni 4. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Perot alikuja na daftari mkononi. Alinunua nusu saa nzima za televisheni, akaketi na chati zake za karatasi na kuwaeleza Wamarekani mapato na matumizi kama mwalimu wa darasa la tano. Mamilioni walikaa kumtazama. Aliupinga pia mkataba wa biashara huria na Mexico na Kanada, NAFTA, akionya kwamba utahamisha ajira. Mkataba ulianza kutumika Januari 1994, na ubishi juu yake haukuisha.

Kisha tarehe 16 Julai 1992, bila watu wengi kutarajia, akajitoa.

Alisema hataki uchaguzi uvurugike hadi ukaamuliwe na bunge. Baadaye akaongeza maelezo mengine, kwamba kulikuwa na njama ya kuharibu harusi ya binti yake, bila kutoa ushahidi. Tarehe 1 Oktoba akarudi kwenye kinyang'anyiro. Alifanya vizuri kwenye midahalo, na Novemba akapata kura milioni 19.7, yaani asilimia 18.9. Ila rais wa Marekani huchaguliwa kwa kura za wajumbe wa majimbo, nazo ni 538. Perot hakupata hata moja. Alikuwa ametumia zaidi ya dola milioni 60 za mfukoni mwake.

Sisi wauguzi tuna kosa moja ambalo hata aliyeanza kazi jana analijua: kuondoka zamu katikati bila kukabidhi wagonjwa. Unaweza kuwa umechoka, unaweza kuwa umeonewa, lakini mgonjwa wako hajui hayo, yeye anakusubiri. Leseni inaweza kukutoka kwa hilo. Perot Julai ile aliondoka zamu. Wale waliosimama juani kwenye maegesho ya maduka wakikusanya saini kwa ajili yake walijikuta hawana wa kumkabidhi. Aliporudi, baadhi yao hawakurudi naye.

Mfanyabiashara akiona soko baya anafunga duka, na hakuna wa kumlaumu, mali ni yake. Kiongozi hana ruhusa hiyo. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili, kuliko hata suala la wizi.

Haikuwa mwisho wake. Mwaka 1995 alianzisha chama cha Reform Party, na 1996 akagombea tena akapata asilimia 8.4. Mwaka 1998 Jesse Ventura, aliyekuwa mpiga mieleka, alishinda ugavana wa Minnesota kwa tiketi ya chama hicho. Kwa uchaguzi wa mwaka 2000 Donald Trump naye aliitafuta tiketi hiyo, kisha akaacha Februari ya mwaka huo. Miaka 16 baadaye alipitia chama kikubwa, akawa rais bila kuwahi kushika cheo cha serikali wala cha jeshi. Perot alifariki Dallas tarehe 9 Julai 2019, akiwa na miaka 89.

Na kwetu je?

Wazee wetu walishalifikiria jambo hili kabla sisi hatujazaliwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mfanyabiashara na kiongozi walitenganishwa kama maji na mafuta. Mwaka 1991, huko Zanzibar, CCM ikalegeza miiko hiyo. Tangu hapo mlango uko wazi, na tunaoishi leo ndio tunaopaswa kujua nani anapita na kwa nini.

Freeman Mbowe alikuwa na hoteli na ukumbi wa Bilicanas pale Dar es Salaam, uliojulikana na kila kijana wa mjini. Aliongoza Chadema kuanzia 2004 na akagombea urais 2005. Mwaka 2016 biashara ile iliondolewa kwenye jengo katika mgogoro wa kodi ya pango na Shirika la Nyumba la Taifa, kila upande ukiwa na maelezo yake. Julai 2021 alikamatwa, akashtakiwa kwa ugaidi, na akaachiwa Machi 2022 mashtaka yalipofutwa. Januari 2025 alishindwa na Tundu Lissu kwenye uchaguzi wa mwenyekiti.

Majirani zetu Wakongo wanaozungumza Kiswahili cha Lubumbashi watakutajia Moïse Katumbi. Alijenga kampuni ya huduma za migodi, akaiongoza timu ya TP Mazembe iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010, na akawa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015. Alipoachana na chama cha Rais Joseph Kabila, mambo yakageuka. Mwaka 2016 alikwenda uhamishoni, mwaka 2018 alizuiwa mpakani Kasumbalesa, na hakurudi nyumbani hadi Mei 2019. Kwenye uchaguzi wa Desemba 2023 alitangazwa wa pili kwa takriban asilimia 18.

Tofauti yao na Perot iko wazi. Perot alipoipinga serikali, biashara yake ilibaki salama, na mwaka 2009 kampuni yake ya pili, Perot Systems, ilinunuliwa na Dell kwa dola bilioni 3.9. Kwetu mwenye biashara akiingia upinzani anaweka rehani kila alicho nacho. Ndiyo maana wengi wenye mali wanakimbilia upande wenye dola, na ndiyo maana si rahisi kujua kama mtu ameingia siasa ili ahudumie watu au alinde malori yake. Biashara haigombi, walisema wahenga. Siasa kazi yake ni kugombana, na mtu aliyezoea kutogombana na mteja yeyote anaweza kutuuza siku ya kwanza.

Maswali kabla ya dola

Baada ya jioni tatu za mezani, mimi na mdogo wangu hatukukubaliana juu ya mgombea, lakini tulikubaliana juu ya maswali. Aliyaandika yeye na kuyatuma kwenye kundi:

Kwanza, biashara zako zina zabuni gani za serikali, na ukichaguliwa nani atazisimamia?

Pili, ni lini umewahi kufanya kazi kwenye kamati, ushirika, bodi ya shule au kanisa au msikiti, ambako neno lako halikuwa la mwisho? Ulidumu muda gani?

Tatu, tukichanga, daftari la michango atalishika nani, na tutalisoma lini?

Nne, ukishindwa, utabaki na sisi au utarudi kwenye malori?

Kundi lilinyamaza siku nzima. Mmoja akamwuliza kama amelipwa na upande wa pili. Kisha mama mdogo mmoja aliyeko Houston akaandika kwamba hata yeye anataka jibu la swali la tatu, na baada yake wengine sita. Hadi naandika haya, majibu mawili yamekuja, mawili bado. Mdogo wangu amebaki na dola zake kwenye akaunti ya ada na anasema majibu yakija atatoa mia mbili kutoka kwenye kibarua chake. Hiyo ni haki yake, na mimi sitamzuia.

Watanzania tulioko nje hatupigi kura ubalozini. Tulicho nacho ni dola na sauti, na mara nyingi tunatuma dola na kuiacha sauti nyumbani. Wanafunzi hasa nawaambia, hakuna mgombea anayestahili ada yako ya muhula. Akiwa mtu wa maana, atakuambia hivyo mwenyewe.

Na mkiwapeleka watoto makumbusho ya Perot, baada ya dinosaria waambieni habari za mzee mwenye chati. Waambieni aliwafundisha Wamarekani kusoma daftari la nchi yao, na waambieni pia kwamba mwezi Julai aliondoka zamu. Yote mawili ni kweli, na mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuyabeba yote mawili.